Marekani, Ulaya au nyumbani: uanzie wapi kusajili kifaa tiba?

Hakuna cheti kimoja cha kifaa tiba kinachokubalika kila nchi, kwa sababu kila mamlaka ina swali lake. Kwa vifaa vingi, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, huuliza: kifaa hiki kinafanana na kipi ambacho tayari kinauzwa kihalali? Umoja wa Ulaya huuliza: ushahidi wako uko wapi, na utaendelea kuukusanya vipi mpaka kifaa kiondoke sokoni? TMDA ya Tanzania na PPB ya Kenya, mamlaka zinazosimamia dawa na vifaa tiba, hukazia zaidi hili: hapa nchini nani atawajibika, kifaa kimetengenezwa wapi hasa, na nani mwingine ameshakikagua? Ukijua ni swali gani unaweza kulijibu kwa nyaraka ulizo nazo leo, uamuzi wa pa kuanzia unakuwa mwepesi.

Ulinganisho huu ni wa mtengenezaji mdogo anayetafuta soko la kwanza, wa mwagizaji aliyepata kiwanda nje na hajui adai karatasi zipi, na wa mnunuzi wa hospitali anayewekewa mezani vyeti vitatu vyenye nembo tofauti. Mfano wetu ni oksimita, kile kipimo kinachobanwa kidoleni kuonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Tangu UVIKO-19 kinajulikana mpaka zahanati za vijijini. Ni kidogo na si ghali, lakini kinaonyesha tofauti za sheria vizuri kuliko mashine nyingi kubwa. Isitoshe, usahihi wake unagusa ngozi nyeusi moja kwa moja, na hilo halipaswi kupita kimyakimya katika nchi zetu.

Vigezo tulivyotumia

Kila njia tumeipima kwa mambo yaleyale: daraja la hatari linavyopangwa, mlango wa kuingilia na anayeufungua, ushahidi unaotakiwa, muda na fedha, mzigo wa baada ya kuingia sokoni, na mahali maombi yanapokwama. Mwisho wa kila njia tumesema inamfaa nani.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hayo, andika sentensi moja inayosema kifaa kinafanya nini, kwa mgonjwa yupi, kinatumiwa na nani na mahali gani. "Kupima oksijeni mara moja kwa mtu mzima, kliniki" si sawa na "kufuatilia oksijeni mfululizo kwa mtoto mchanga aliye mahututi". Kifaa kinaweza kuwa kilekile, lakini sentensi ya pili hupandisha daraja, huongeza vipimo na hurefusha safari. Watu wengi huongeza maneno kwenye sentensi hii ili soko liwe pana, kisha wanatakiwa kuleta ushahidi wa kila neno waliloliongeza.

Marekani: FDA

*Daraja.* Sheria inayotumika ilipitishwa tarehe 28 Mei 1976, baada ya kitanzi cha uzazi wa mpango cha Dalkon Shield kuwadhuru wanawake wengi. Inagawa vifaa katika madaraja ya I, II na III. Hapa hukokotoi daraja mwenyewe, unalitafuta kwenye orodha ya kanuni. Oksimita imo katika 21 CFR 870.2700 (kifungu cha kanuni za shirikisho), daraja la II, msimbo wa bidhaa DQA. Kifaa cha aina mpya kabisa, kisichofanana na chochote kwenye orodha, huhesabiwa kuwa daraja la III hata kama hatari yake ni ndogo, mpaka mtengenezaji aombe kipangwe upya kwa njia iitwayo De Novo.

*Mlango.* Vifaa vingi vya daraja la I havihitaji kupelekwa FDA kabla ya kuuzwa. Daraja la II kwa kawaida hupitia 510(k), yaani unachagua kifaa rejea kilichokwisha kuruhusiwa na kuonyesha kwamba chako kina matumizi yaleyale na hakileti maswali mapya ya usalama. Daraja la III hupitia PMA, ambayo ni tathmini nzito ya kifaa chenyewe. Anayesoma jalada ni FDA wenyewe, na tangu Oktoba 1, 2023 jalada la 510(k) hutumwa kwa fomu ya kielektroniki iitwayo eSTAR.

Kuna jambo ambalo huwashangaza waliozoea Ulaya. Kwa 510(k), kwa kawaida hakuna mkaguzi anayefika kiwandani kabla ya barua ya ruhusa kutoka. Mfumo wako wa ubora lazima uwepo, na kanuni yake imejengwa juu ya ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa ubora wa vifaa tiba, kuanzia Februari 2, 2026, lakini ukaguzi huja baadaye na unaweza kukufuata mpaka nchi yako.

*Ushahidi.* Kwa oksimita, FDA ilitoa mwongozo mwaka 2013. Wajitolea wenye afya, wasiopungua 10, hupunguziwa oksijeni taratibu chini ya uangalizi wa daktari, huku damu ya mshipa wa ateri ikichukuliwa na kupimwa maabara. Zinahitajika jozi 200 au zaidi za vipimo, zilizosambaa kati ya asilimia 70 na 100 za oksijeni. Kosa la wastani, linaloandikwa Arms, lisizidi asilimia 3.0 kwa vifaa vinavyopitisha mwanga kidoleni, au 3.5 kwa vinavyobanwa sikioni na vinavyosoma mwanga unaorudi. Kiwango cha kimataifa, ISO 80601-2-61, kinaruhusu hadi 4.0. Kwa hiyo oksimita yenye Arms ya 3.6 inatimiza kiwango cha kimataifa, lakini ikifika FDA itakutana na maswali magumu.

Arms ya 3 maana yake ni kwamba takriban theluthi mbili ya vipimo huwa ndani ya pointi 3 juu au chini ya ukweli. Kioo kikisoma 92, mgonjwa anaweza kuwa na 89 au 95, na theluthi moja ya vipimo huwa nje hata ya hapo.

Sasa suala la ngozi. Mwongozo wa 2013 ulitaka angalau watu 2 wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya kundi, idadi yoyote iliyo kubwa zaidi. Katika kundi la watu 10, hao ni wawili tu. Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya wagonjwa ambao oksimita iliwasomea kati ya 92 na 96. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Miongoni mwa weupe, asilimia 3.6. Mwanga wa oksimita hupita kwenye ngozi kabla ya kufika kwenye damu, na melanini hunyonya sehemu yake. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayopendekeza washiriki 150 au zaidi, na rangi za ngozi zipangwe kwa vipimo maalumu. Unayeanza kupanga utafiti, uliza kwanza ni mwongozo upi unaotumika siku hiyo, kwani bajeti ya watu 10 na ya watu 150 hazikaribiani.

*Muda na fedha.* Lengo la FDA kwa 510(k) ni siku 90, zikihesabiwa zile tu ambazo jalada liko mikononi mwao. Wakikuandikia maswali, hesabu husimama, nawe una hadi siku 180 za kujibu. Usipojibu ndani ya muda huo, ombi huhesabiwa limeondolewa. Kwa mwaka wa fedha 2025, ada ya 510(k) ilikuwa dola 24,335. Kampuni ndogo, yenye mauzo yasiyozidi dola milioni 100, ililipa 6,084. De Novo ilikuwa dola 162,235 na PMA dola 540,783 kabla ya punguzo lolote. Ada hubadilika kila Oktoba 1. Kampuni ya nje inayotaka punguzo huombwa uthibitisho wa mapato kutoka mamlaka ya kodi ya nchi yake, kwa hiyo anza mapema na TRA au KRA, kwa sababu hadhi ya kampuni ndogo lazima iwe imekubaliwa kabla ya kulipa ada. Zaidi ya hapo kuna ada ya kila mwaka ya kusajili kiwanda, dola 9,280 kwa mwaka huohuo, ambayo kwa kawaida haina punguzo la kampuni ndogo.

*Baada ya kuingia sokoni.* Unatakiwa kuwa na wakala aliyeko Marekani, namba ya utambulisho wa kifaa iliyowekwa kwenye hifadhidata ya FDA, na utaratibu wa kuripoti kifo, jeraha kubwa au hitilafu hatari ndani ya siku 30. Tukio linalohitaji hatua ya haraka kulinda umma huripotiwa ndani ya siku 5 za kazi.

*Panapokwama.* Kosa kubwa ni kuchagua kifaa rejea kibaya: cha zamani mno, au chenye matumizi tofauti na yako. Wengine huchukua vifaa viwili, kimoja kwa matumizi na kingine kwa teknolojia, wakidhani wameunganisha. FDA haikubali mgawanyo huo. Oksimita yenye Bluetooth huongeza sehemu nzima ya usalama wa mtandao, pamoja na kibali cha redio cha FCC. Kuna dawa ya bure kwa mengi ya haya, nayo ni kuomba mashauriano ya awali na FDA kwa maandishi kabla ya utafiti kuanza. Hayana ada.

*Inamfaa nani.* Mwenye kifaa kinachofanana waziwazi na vilivyopo, mwenye fedha za utafiti mmoja mzuri, na anayetaka barua ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuikagua mtandaoni kwa namba yake.

Umoja wa Ulaya: alama ya CE

*Daraja.* Kanuni ya sasa ni (EU) 2017/745, inayojulikana kama MDR, iliyoanza kutumika Mei 26, 2021. Nyuma yake kuna kisa cha kampuni ya Kifaransa ya PIP, iliyogundulika mwaka 2010 ikijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani huku ikiwa na cheti halali. Madaraja ni I, IIa, IIb na III, na hapa unakokotoa mwenyewe kwa kanuni 22 zilizo katika Kiambatisho cha VIII. Oksimita ya kupima mara moja huangukia IIa kwa kanuni ya 10. Ile ya kufuatilia mgonjwa mahututi, ambaye oksijeni ikishuka ghafla yuko hatarini papo hapo, hupanda IIb. Programu za simu zilizokuwa daraja la I zamani, nyingi zimepanda IIa au zaidi kwa kanuni ya 11.

*Mlango.* Serikali haisomi jalada lako. Kwa daraja la I la kawaida, mtengenezaji hujitangazia mwenyewe. Kuanzia IIa kwenda juu unahitaji taasisi teule, yaani kampuni binafsi au taasisi iliyopewa mamlaka na nchi mwanachama, kama TÜV SÜD, BSI au DEKRA. Inakagua kiwanda chako na mfumo wa ubora *kabla* ya cheti, inasoma nyaraka za kiufundi za sampuli ya vifaa, halafu inatoa cheti kisichozidi miaka 5. Alama ya CE, inayoonyesha kwamba kifaa kinatimiza kanuni za Ulaya, ikifuatwa na tarakimu nne, hizo ndizo namba za taasisi hiyo.

*Ushahidi.* Ulaya haina fomu ya kufananisha kama 510(k). Unaandika ripoti ya tathmini ya kitabibu inayopima machapisho, vipimo vyako na matokeo ya wagonjwa, kisha mpango wa kuendelea kukusanya taarifa baada ya mauzo. Kujilinganisha na kifaa cha mwingine kunaruhusiwa, lakini lazima ulingane naye kiufundi, kibiolojia na kitabibu, na uonyeshe kwamba una njia ya kuzifikia data zake. Mshindani hatakupa data zake. Ndiyo maana waliozoea njia ya Marekani hukwama hapa: jedwali lililotosha kule linaitwa maneno matupu huku. Kwa oksimita, habari njema ni kwamba utafiti uleule wa kupunguza oksijeni hutumika pande zote mbili ukipangwa vizuri tangu mwanzo. Upange kwa sharti kali zaidi kati ya yote.

*Muda na fedha.* Mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, tangu ombi mpaka cheti, ni jambo la kawaida, na taasisi nyingine hazipokei wateja wapya wa aina fulani za vifaa. Hakuna ada ya serikali ya kuitaja. Kila taasisi teule inapaswa kuweka wazi ada zake, nazo huhesabiwa kwa saa za wakaguzi na siku za ukaguzi. Jalada lililoandikwa ovyo basi ni jalada ghali, kwa kuwa unalipia kila duru ya maswali.

*Baada ya kuingia sokoni.* Hapa ndipo Ulaya inapokuwa nzito kuliko zote. Ukaguzi wa kiwanda ni angalau mara moja kila miezi 12, na wa kushtukiza angalau mara moja katika miaka mitano. Ripoti ya usalama ya mara kwa mara huandikwa kila mwaka kwa IIb na III, na angalau kila miaka miwili kwa IIa. Tukio kubwa huripotiwa ndani ya siku 15. Kifo, au kudhoofika vibaya kwa afya kusikotarajiwa, ndani ya siku 10. Tishio kwa afya ya umma, ndani ya siku 2. Uliye nje ya Umoja lazima uwe na mwakilishi aliyeidhinishwa ndani yake, na mwakilishi huyo huwajibika kisheria pamoja nawe kifaa kikileta madhara. Hiyo ndiyo sababu mwakilishi makini anakudai nyaraka zote na bima. Anayekubali bila kuuliza lolote ni wa kuogopwa. Unahitaji pia mtu mwenye sifa anayesimamia utimizaji wa kanuni. Kampuni ndogo inaweza kumtumia wa nje, mradi apatikane wakati wote.

*Panapokwama.* Tathmini ya kitabibu iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine. Maelekezo ya matumizi kwa Kiingereza peke yake, wakati kila nchi mwanachama huamua lugha inayotaka. Na kubandika jina lako juu ya kifaa cha kiwanda kingine: kwa MDR, jina lililo kwenye lebo ndilo mtengenezaji, na majukumu yote yanakuhamia wewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye ushahidi wake mwenyewe, mwenye subira ya fedha, na anayelenga nchi nyingi kwa pamoja. Uingereza nayo bado inapokea alama ya CE kwa muda uliowekwa kisheria, ila unahitaji mwakilishi aliyeko huko na usajili kwa MHRA, mamlaka yake ya dawa na vifaa tiba.

Nyumbani: Tanzania na Kenya

*Daraja.* Nchi zote mbili hutumia madaraja manne, A, B, C na D, yaliyotokana na kazi ya kikundi cha kimataifa cha kuoanisha kanuni ambacho nafasi yake ilichukuliwa na IMDRF, jukwaa la kimataifa la wasimamizi wa vifaa tiba, mwaka 2011. Mantiki inafanana na ya Ulaya, kwa hiyo oksimita ya kupima mara moja huwa B, na ya kufuatilia mgonjwa mahututi huwa C.

*Mlango.* Tanzania Bara ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo Julai 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalipohamia TBS, shirika la viwango. Zanzibar ina wakala wake, ZFDA, na usajili wa Bara hauvuki bahari: mwenye mzigo wa Unguja au Pemba anaanza upya huko. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, PPB. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeoanisha miongozo, na Shirika la Dawa la Afrika lina makao makuu Kigali, lakini cheti bado hutolewa na kila nchi peke yake.

Usajili wa kifaa na kibali cha kuingiza mzigo ni vitu viwili. Kifaa kinaweza kuwa kimesajiliwa vizuri, na kontena likakwama bandarini kwa kuwa ankara haikuombewa kibali. Mashine yenye mionzi, kama eksirei, inahitaji pia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Oksimita yenye Bluetooth inagusa TCRA Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya.

*Ushahidi.* Jalada hudai cheti cha ISO 13485 cha kiwanda husika, tamko la ulinganifu (la mtengenezaji kwamba kifaa kinatimiza masharti), jedwali la kanuni za msingi za usalama, ripoti za vipimo, uchambuzi wa hatari, lebo na maelekezo, na cheti cha mauzo huru kutoka nchi ya asili, yaani uthibitisho kwamba kifaa kinauzwa kihalali huko. Mamlaka zetu huzipa uzito idhini za Marekani, Ulaya, Japani, Kanada na Australia, na idhini hizo hupunguza mzigo wa tathmini, ingawa haziondoi usajili. Kwa TMDA, lebo iwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa kifaa kitakachotumiwa nyumbani na mgonjwa, Kiswahili ndicho kinachomlinda. Hapa pia ndipo mwagizaji ana nafasi ya kuuliza kile ambacho sheria haimlazimishi sana: katika utafiti wa usahihi wa oksimita hii, watu wangapi walikuwa na ngozi nyeusi sana, na Arms yao peke yao ilikuwa ngapi? Kiwanda makini kina jibu.

*Muda na fedha.* Ada hupangwa kwa daraja na ziko katika kanuni zilizochapishwa. Ni ndogo mno ukilinganisha na za nje. Gharama halisi iko kwenye vipimo vya maabara, ambavyo kiwanda cha nje huwa kimeshavifanya lakini mtengenezaji wa hapa analazimika kuvituma mbali. Usajili Tanzania hudumu miaka 5, na kila mwaka kuna ada ya kukibakiza kifaa sokoni. Wasioilipa hushtuka wakati wa zabuni.

*Baada ya kuingia sokoni.* Mwakilishi wa hapa nchini ndiye anayepokea malalamiko, kuripoti madhara na kuondoa kifaa sokoni kikitakiwa. Anatakiwa ajue kila boksi limekwenda wapi. Daftari la namba za toleo na hospitali zilizouziwa ni jambo dogo, lakini bila hilo agizo la kuondoa toleo moja linageuka kuwa kuondoa mzigo wote.

*Panapokwama.* Majina yasiyolingana, kuliko sababu nyingine yoyote. Cheti cha ISO kina jina la kampuni mama, cheti cha mauzo huru kina jina la kampuni ya biashara, boksi lina jina la tatu, na namba ya modeli ina herufi ya ziada. Weka nyaraka zote mezani, chora jedwali la jina, anwani ya kiwanda, modeli na matumizi, na usiwasilishe mpaka kila safu ifanane. La pili ni umiliki wa usajili. Mtengenezaji akimwachia msambazaji asajili kwa jina lake, siku wakigombana kifaa kinabaki mateka. Usajili uwe wa mtengenezaji, na barua ya uwakilishi iwe na tarehe ya mwisho.

*Inamfaa nani.* Mtengenezaji wa hapa ambaye wateja wake wa kwanza ni hospitali za hapa, na mwagizaji yeyote, ambaye kwake hili ni sharti la kisheria.

Karatasi zinazowachanganya wanunuzi

Maneno matatu ya Marekani hayana uzito mmoja. Kiwanda "kilichosajiliwa" FDA kimejaza fomu na kulipa ada, na hakuna aliyepima kifaa chake. FDA haitoi cheti cha usajili, kwa hiyo karatasi yenye nembo na mhuri wa dhahabu inayosema "FDA Registration" imechapwa na kampuni binafsi. Kifaa "kilichoruhusiwa" kina namba inayoanza na K, nacho kilipita 510(k). "Kilichoidhinishwa" kwa PMA kina namba inayoanza na P. Daraja la I huwa halina namba ya aina hiyo. Oksimita nyingine huuzwa Marekani kama vifaa vya michezo au vya marubani, na kwa kuwa haziahidi matumizi ya tiba, FDA hazipitii kabisa. Zikifika wodini kwetu zinafanana na nyingine zote.

Kwa CE, tafuta tarakimu nne. Oksimita ya tiba ni IIa au zaidi, kwa hiyo alama ya CE isiyo na namba juu yake ni dalili ya tatizo. Kisha muulize aliyetoa cheti, si anayekuuzia: taasisi teule huthibitisha vyeti vyake. Angalia pia cheti ni cha MDR au cha sheria ya zamani, 93/42/EEC. Cheti cha zamani si batili moja kwa moja, kwani Ulaya iliongeza muda wa mpito hadi mwisho wa 2027 au 2028 kulingana na daraja, ila mtengenezaji lazima awe ametimiza masharti ya nyongeza hiyo. Omba barua inayothibitisha.

Kwa hali yako

*Wewe ni mtengenezaji wa hapa, kifaa ni cha aina inayojulikana, na fedha ni za mwaka mmoja.* Anza TMDA au PPB, lakini andika jalada kwa mpangilio wa Kiambatisho cha II cha MDR (orodha ya nyaraka za kiufundi) na utafiti upange kwa sharti la FDA. Vipimo vya IEC 60601-1 (usalama wa vifaa vya umeme), ISO 10993 (usalama wa malighafi zinazogusa mwili), IEC 62304 (programu) na uchambuzi wa hatari wa ISO 14971 hufanywa mara moja na hutumika kote.

*Una kifaa kinachofanana na vilivyopo, na mfadhili anataka idhini inayojulikana duniani.* 510(k) kwa kawaida itakufikisha haraka kuliko CE. Tenga fedha za ada ya kila mwaka ya kiwanda hata kabla ya mauzo ya kwanza.

*Kifaa chako hakifanani na chochote.* Marekani inakupa De Novo na mashauriano ya bure kwanza. Ulaya haitakudai kifaa rejea, lakini itakudai data zako mwenyewe. Mwenye data nyingi na fedha kidogo alinganishe kwa makini ada za taasisi teule na dola za De Novo, kwani punguzo la kampuni ndogo linaweza kugeuza hesabu.

*Unalenga nchi tano au zaidi zenye mamlaka kali.* Ulizia MDSAP, mpango wa ukaguzi mmoja wa mfumo wa ubora, unaotambuliwa na Australia, Brazili, Kanada, Japani na Marekani. Kanada inaudai kwa madaraja ya II hadi IV. Ulaya haimo.

*Wewe ni mwagizaji.* Usilipe malipo ya awali ya mzigo mpaka kiwanda kikupe, kwa majina yanayolingana, cheti cha ISO 13485, cheti cha mauzo huru, ripoti za vipimo na barua ya uwakilishi. Sajili, kisha omba kibali cha mzigo, kisha meli ing'oe nanga.

*Wewe ni mnunuzi wa hospitali.* Thibitisha usajili wa TMDA, ZFDA au PPB kwa namba ya modeli iliyo kwenye boksi, si iliyo kwenye nukuu ya bei. Kwa oksimita, weka kwenye zabuni Arms isiyozidi 3.0 na takwimu za usahihi kwa ngozi nyeusi. Wauguzi nao waelezwe kwamba usomaji wa 92 kwa mgonjwa anayehema kwa shida unadai kipimo cha damu ya ateri pale kinapopatikana, au kumtibu kwa hali yake pale kisipopatikana.